Wosia wa Basi Ishirini na Saba

Wiki iliyopita mliniacha chini ya basi, nimelala chali kwenye grisi kavu, na sauti ya Meneja ikitoa amri ya neno moja.

"Shusheni."

Jeki ikaanza kulia. Tumbo la basi likaanza kunijia usoni polepole kama kifuniko cha sanduku.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasimulia haraka, maana basi halimsubiri mtu. Nimekosea. Siku hizi mtu ndiye anayesubiri, basi ndilo halipo.

Mimi ni fundi katika karakana ya shirika la mabasi ya jiji. Shirika lina mabasi arobaini kwenye karatasi na kumi na moja barabarani. Hayo ishirini na tisa yamekaa yadini juu ya mawe kama kuku waliolalia mayai viza. Kila aliyewahi kusimama kituoni mpaka kivuli chake kikamzunguka anaijua hesabu hiyo bila kwenda shule.

Miaka miwili iliyopita mke wangu alitoka nyumbani asubuhi kwenda kwa daktari wa moyo. Basi la njia ile ni Ishirini na Saba, tumelipanda pamoja miaka kumi na moja. Siku hiyo halikuja. Alisimama, akachuchumaa, akakaa ukingoni mwa barabara, na ilipofika saa nne akalala palepale. Hakuamka.

Nilipolalamika, Meneja akaniandikia barua. Ninayo mfukoni mpaka leo, nimeifunga kwenye nailoni isilowe jasho. Inasema basi lilipita kituoni saa moja na nusu kama ratiba inavyotaka, na kwamba marehemu alichelewa kufika.

Alichelewa. Mke wangu. Mwanamke aliyefika kwenye ndoa yetu kabla yangu, nikamkuta amekaa, ananitazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeruka foleni. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo, kisha akamsema jogoo kwa uvivu.

Fidia siitaki na pole zao wale wenyewe. Nataka neno hilo moja lifutwe. Na kifutio nilikuwa nimekifikia, kiko nusu mkono tu kutoka kwenye pua yangu, wakati Meneja alipoamuru basi lishushwe.

Kifutio chenyewe ni wosia.

Sisi mafundi wa yadi tuna desturi yetu. Basi likifa, tunalichuna. Injini huku, gia boksi kule, breki kwa jirani. Ofisi haiandiki popote kilichotoka, maana ofisi ina kazi kubwa ya kunywa chai. Kwa hiyo fundi aliyetoa kiungo anachukua msumari, anakwaruza ndani ya kifuniko cha injini: kimetoka nini, kimeenda wapi, kwa amri ya nani, tarehe ngapi. Mwisho anaweka alama yake. Hiyo ndiyo tunaiita wosia. Chaki inafutika, msumari haufutiki, na hakuna fundi aliyewahi kuandika uongo kwenye wosia, hata wale wanaowadanganya wake zao kila siku.

Na sasa Mheshimiwa alikuwa anakuja, saa nane mchana siku hiyohiyo, kuzindua "mabasi mapya". Mapya yenyewe ni maiti zetu zilezile, zimekwanguliwa zikapakwa kijani kibichi. Rangi ya zamani ilipokwanguliwa kwenye hili moja, nikaona ubavuni namba iliyofutwa zamani ikijitokeza kama kovu.

Ishirini na saba.

Ndiyo maana nikaingia chini yake. Nilitaka kusoma tarehe. Kama Ishirini na Saba lilichunwa kabla ya siku ile ya mke wangu, basi halikupita kituoni saa moja na nusu wala saa yoyote ile. Maiti haitembei, hata ukiiandikia ratiba.

Turudi chini ya basi.

Niliona miguu ya watu wawili. Viatu vya Meneja, vyembamba, vinang'aa, viatu ambavyo havijawahi kusimama kituoni. Na buti zilizopasuka kidoleni, za Shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu. Yeye ndiye nyapara wa karakana, na ndiye aliyekuwa ameshika mkono wa jeki.

Wasomaji wa zamani mnajua ninavyomwita Shemeji kwenye kurasa hizi. Mkia wa Meneja. Mtu aliyemzika dada yake asubuhi akarudi kazini mchana. Kwa miaka miwili nimemwomba anitafutie wosia wa Ishirini na Saba, na kwa miaka miwili ananiambia halijulikani liko wapi, mabasi yamesukumwa huku na huko kama viti vya msibani.

Nikagonga buti yake kwa spana mara moja, taratibu.

Jeki ikanyamaza.

Meneja akauliza kulikoni. Shemeji akajibu kwamba jeki imekwama, inataka mafuta. Meneja akasonya, akasema katika karakana hii hata kushuka kunashindikana, akatazama saa yake na kuanza kugomba habari ya mchanga. Katikati ya uwanja wa sherehe kulikuwa na dimbwi kama ziwa dogo, mbele kabisa ya mabasi mawili, pekee yanayotembea kati ya hayo yaliyopakwa rangi. Lori lake la mchanga lilipaswa kufika tangu saa tatu kulifukia, na mpaka sasa halijaonekana. Akatoa simu, akageuka, akaanza kumfokea mtu.

Nikatambaa. Nilitokea upande wa pili, nikajibanza nyuma ya rundo la rimu. Nyuma yangu tumbo la basi likashuka mpaka karibu na udongo. Matairi ya kuazima yalikuwa na upepo nusu. Pale chini sasa palipenya paka tu.

Nikajisemea si neno, nitasubiri waondoke, nifungue kifuniko kwa nyuma.

Meneja akarudi kutoka kwenye simu, akamwambia Shemeji neno lililonikata maini.

"Hicho kifuniko cha nyuma kichomelee. Pande zote nne. Sitaki mwandishi wa habari achungulie."

Nilitegemea Shemeji atauliza swali, au angalau atasingizia kwamba umeme umekatika, kisingizio ambacho katika jiji hili hakihitaji ushahidi.  Badala yake alivuta mashine, akashusha ngao ya uso, na cheche zikaanza kuruka. Alichomelea kifuniko kile kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akifanyia basi linalobeba watu.

Meneja alipoondoka, nikatoka nyuma ya rimu. Sikuwa na subira ya salamu. Nilimwambia yote ambayo mtu humwambia shemeji yake mara moja tu maishani. Nilimwambia dada yake alikufa kituoni kama mzigo uliosahaulika, na yeye ndiye anayelipigilia misumari jeneza la ukweli wake ili alinde mshahara.

Alivua ngao. Macho yake yalikuwa mekundu, na cheche hazipiti kwenye ngao.

"Usiusome, shemeji," akasema. "Nakuomba kwa ajili ya dada. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kumbe aliujua. Miaka miwili ananizungusha, kumbe aliujua wosia ulipo.

Nikamtemea mate pembeni ya buti, nikaondoka. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda stoo, nikachukua nyundo na tindo.

Saa nane Mheshimiwa hakufika. Saa tisa hakufika. Mtu anayekuja kuzindua mabasi anachelewa saa nzima na nusu kwa gari lake mwenyewe, lenye dereva, lenye king'ora, barabara imefungwa kwa ajili yake. Na hakuna aliyemwandikia barua ya kusema alichelewa.

Watu wa kupiga makofi walikuwapo tayari. Unajua walipatikana wapi? Kituoni, nje ya geti. Walikuwa wanasubiri basi tangu asubuhi. Karani akatoka akawaambia kwamba mabasi yako ndani, waingie. Wakaingia wote na vikapu vyao, wakaambiwa wapange mistari, wakapewa vibendera. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza atapanda saa ngapi, akaambiwa apunge kwanza.

Mabasi yalikuwa yamepangwa nusu duara. Mawili yanayotembea yamewekwa katikati, yenye injini, yenye viti, yamejazwa mafuta. Mpango ulikuwa Mheshimiwa akate utepe, apande moja, lizunguke uwanja, wapige picha, kwisha. Mengine yangebaki pembeni yakimeta, vioo vimebandikwa karatasi nyeusi ili mtu asione kwamba ndani hakuna kiti hata cha kukaa nzi. Ishirini na Saba lilikuwa pembeni kabisa, mahali pakavu.

Na lori la mchanga halijafika.

Mheshimiwa akahutubia. Alisema mabasi haya yana kiyoyozi. Alisema wananchi sasa watasahau neno "kusubiri". Alisema yeye mwenyewe anaijua shida ya usafiri, na kwa hilo simlaumu, shida ya usafiri anaijua kama sisi tunavyoijua mbingu, kwa kusikia. Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno mpaka nikaogopa shingo itachomoka.

Kisha Mheshimiwa akashuka jukwaani kwenda kukata utepe na kupanda basi, akafika kwenye dimbwi.

Akatazama viatu vyake. Akatazama dimbwi. Akamtazama Meneja. Meneja akatazama geti.

Basi Mheshimiwa, mtu wa akili, akageuka kulia na kutembea palipokauka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Ishirini na Saba, akafungua mlango wa dereva, akapanda.

 Meneja alimkimbilia, akasema dereva wa basi hilo amekwenda kula. Mheshimiwa akasema haina neno, yeye aliwahi kuendesha gari kubwa ujanani, atawasha tu apigwe picha. Meneja akasema ufunguo hajui uko wapi. Mheshimiwa akasema uko hapa. Na ulikuwapo kweli, umening'inia kwenye usukani kwa utepe mwekundu, kwa amri ya Meneja mwenyewe, ili picha ipendeze. Wakubwa wetu wako hivyo: wanasahau injini, wanakumbuka utepe.

Akauzungusha.

Kimya. Hata mende hakushtuka.

Akauzungusha tena. Kutoka kwenye mistari ya makofi mzee mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba Mheshimiwa sasa ameonja kusubiri kidogo, na akisubiri mpaka kesho ataonja vizuri. Kicheko kikapita mistari yote kama upepo, na vibendera vikashuka.

Mheshimiwa akashuka. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Akasema injini ifunguliwe. Meneja akasema injini hizi ni za kisasa, zimefungwa kiwandani, hazifunguliwi ila na wataalamu wa nje.

Hapo ndipo nikatoka nyuma ya stoo na nyundo yangu.

Meneja aliponiona alimwambia askari wa geti aniondoe, huyu mzee amechanganyikiwa tangu afiwe. Askari naye hupanda basi. Alijikuna shingo, akawa kama hakusikia vizuri.

Nikaweka tindo kwenye mshono wa kwanza. Shemeji alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alinyoosha mkono kama anataka kunizuia, kisha akaurudisha. Mshono wa kwanza ukaachia. Wa pili. Wa tatu nilipiga kwa jina la mke wangu. Wa nne kifuniko kilianguka chenyewe.

Ndani ya chumba cha injini alikuwamo paka, amelala na watoto wanne, ananyonyesha. Alitutazama kama watu waliomwingilia chumbani bila hodi. Mbali na paka hapakuwa na kitu. Ungeweza kuona ardhi.

Watu hawakucheka safari hii. Yule mama mwenye mtoto alisogea mbele, akachungulia, akarudi nyuma.

Mimi nilikuwa nimeinamia kifuniko. Nilikigeuza ndani nje, nikafuta vumbi kwa kiganja. Wosia ulikuwapo.

Mheshimiwa akauliza hayo maandishi ni ya nini. Nikamweleza desturi yetu. Akasema hana miwani, nisome. Nikamwambia kusoma kwangu ni kwa kidole, shule nilipanda madarasa matatu, la nne likanishinda. Akasema nisome hivyohivyo.

Nikaanza na tarehe, maana ndiyo niliyoitafuta miaka miwili.

"Tarehe tisa."

Mke wangu alilala kituoni tarehe kumi na moja, mwezi uleule, mwaka uleule.

Niliisoma mara mbili.  Siku mbili kabla. Ishirini na Saba lilikuwa limekwisha kuwa maiti siku mbili kabla. Kwenye karatasi kibao chake kiliendelea kupita kila kituo kwa wakati, lenyewe likiwa hapa linapigwa jua.

Hakuchelewa. Nililisema neno hilo kwa sauti, sijui kwa nani. Pengine kwa paka.

Meneja akasema tarehe si ushahidi, mtu yeyote anaweza kukwaruza tarehe. Mheshimiwa akaniambia niendelee.

Nikaweka kidole mstari wa pili. "Imetoka gia boksi. Imeenda lori la mchanga. Amri ya Meneja."

Watu wote wakamgeukia Meneja.

Na mimi, wasomaji, nilikuwa nimeshikwa na kitu kingine. Maneno yale nilikuwa nayajua. Siyo kwa kuyasoma. Mkono wangu uliyajua. Herufi "g" iliyoanguka kichwa, "r" iliyoegemea ukuta. Nikashusha kidole mpaka chini, kwenye alama.

Kila fundi ana alama yake. Mmoja ana jicho, mwingine ana jembe. Shemeji ana duara lenye nukta. Hii ilikuwa ngazi, vipandio vitatu.

Madarasa matatu. Mke wangu ndiye aliyenichagulia alama hiyo kwa kunitania, tulipokuwa wachanga kwenye ndoa. Alisema nikifika la nne nitaongeza kipandio.

Sasa nikakumbuka. Wiki ile tulichuna mabasi sita. Yaliletwa yamekwisha ng'olewa vibao vya namba, tukaoneshwa kwa kidole: toa kwa hilo, toa kwa lile lililo karibu na tangi la maji. Nilichinja bila kuuliza jina la ng'ombe. Niliona gia boksi ikipakiwa kwenye lori la mchanga la Meneja, nikanawa mikono, nikaandika wosia kama fundi mwaminifu, nikaenda nyumbani kula. Mke wangu aliniuliza kazi ilikuwaje. Nilimwambia nyepesi.

Siku mbili baadaye akaenda kulisubiri.

Nikainua macho, nikamkuta Shemeji ananitazama. Ndipo nikaelewa kuzungushwa kwangu miaka miwili, na kuchomelea kule kwa bidii, na yale macho mekundu. Hakuwa anamficha Meneja. Alikuwa ananificha mimi nisijione.

Meneja naye alikuwa ameiona ngazi. Yeye ni mwizi lakini si mjinga. Uso wake ukarudiwa na damu, na sauti ikawa laini. Akamwambia Mheshimiwa kwamba hapa sasa mhalifu anajionyesha mwenyewe. Yeye hajawahi kutoa amri ya namna hiyo. Kuna fundi aliyeiba gia boksi akaiuza, kisha akamsingizia mkubwa wake kwa msumari. Lililobaki ni kumjua mwenye alama. Akamgeukia Shemeji, akamuuliza kwa heshima zote, kama nyapara anayezijua alama za mafundi wake, ngazi hiyo ni ya nani.

Shemeji akavua kofia.

"Ni yangu," akasema.

Askari wa geti akamtazama. Mafundi wote nyuma wakatazama chini. Kila mmoja pale alijua duara lenye nukta ni la nani na ngazi ni ya nani, na hakuna aliyefungua mdomo. Meneja mwenyewe alijua. Lakini kwake ilikuwa yote sawa, mradi apatikane mtu mwenye mkono mchafu kuliko wake. Akamwambia askari amshike Shemeji.

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, nilifikiri kunyamaza. Tarehe imesomwa, neno limefutika, mke wangu hakuchelewa, dunia imesikia. Shemeji amejitolea kwa hiari yake. Ningekitia kifuniko kwapani nikaenda zangu, na nyinyi kwenye kurasa hizi mngeendelea kuwalaani wakubwa pamoja nami kila wiki, nami nikiwa safi kama maji ya mtungi.

Nikatia mkono mfukoni. Msumari wa fundi hautoki mfukoni.

Nikauendea ubavu wa basi, pale kwenye kijani kibichi kisichokauka vizuri, karibu na lile kovu la namba. Nikakwaruza mstari mmoja wima. Nikakwaruza wa pili. Nikaweka kipandio, kipandio, kipandio. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini. Kisha nikainua kifuniko, nikakiweka kando ya mchoro, Mheshimiwa atazame mwenyewe bila miwani.

Mtoto angeona. Kipandio cha kati kimepinda kushoto, kwenye kifuniko na kwenye ubavu vilevile.

Shemeji akakaa chini kwenye rimu, akafunika uso kwa kofia.

Nikafungua nailoni, nikatoa barua. Nilimpa Mheshimiwa mkononi.

"Gia boksi niliitoa mimi," nikamwambia. "Nilitumwa, na sikuuliza. Nishikeni mimi. Lakini someni kwanza hiyo barua, muone aliyeandika kwamba mke wangu alichelewa."

Hakuwa na miwani. Akampa mwandishi wa habari mmoja, binti mwembamba, akaisoma kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, mpaka sahihi ya Meneja chini. Alipofika kwenye neno "alichelewa", kutoka kwenye mistari ya vibendera nikasikia mtu akifyonza meno. Kisha mwingine. Kisha mistari yote. Watu mia mbili wanaosubiri basi tangu asubuhi wakifyonza meno kwa pamoja, ni sauti ambayo wakubwa wote wangepaswa kuisikia mara moja kwa mwaka.

Meneja akasema ni fitina. Akasema lori analo, ndiyo, lakini ni lori lake binafsi, lina gia boksi yake halali, na aliyesema vinginevyo alete ushahidi. Akatukazia macho mmoja mmoja. Lori lenyewe liko wapi, akauliza, nani amewahi kuliona, nani anaweza kulileta hapa?

 Mheshimiwa alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Sote tukasikiliza.

Kutoka chini ya mtelemko, nje ya geti, gari zito lilikuwa linapanda. Lilikuwa bado halionekani. Liliingia gia ya pili, likajivuta. Likaingia gia ya tatu, na gia ya tatu ikalia, kilio kirefu chembamba, kama mtoto anayeamshwa.

 Kilio hicho nimekisikia miaka kumi na moja nikiwa nimekaa dirishani mwa Ishirini na Saba, bega la mke wangu likiwa kwenye bega langu. Kila mlima alikuwa ananiambia, wewe ni fundi gani, si uitengeneze hiyo, na mimi namwambia haina ubaya, inaimba tu.

Shemeji akainua uso. Naye alikuwa ameijua.

Lori likatokea getini, limejaa mchanga wa kufukia dimbwi, limechelewa saa saba na miaka miwili.

Dereva akaona umati. Akamwona Meneja akimpungia mikono yote miwili arudi alikotoka. Askari wa geti akaanza kukimbia, nami nikakimbia, na nyuma yangu nikasikia buti zilizopasuka za Shemeji.

Dereva akakanyaga klachi, akatia gia ya nyuma.

Lakini muulizeni dereva yeyote wa zamani wa njia ile, yeyote. Ishirini na Saba halikuwahi kukubali gia ya nyuma kwa jaribio la kwanza.